Kumvusha kijana mmoja: mwongozo kamili kwa asiye na mradi wala ofisi

Mwongozo huu ni wa shangazi, mwalimu wa shule ya msingi, fundi mwenye gereji, imamu, mzee wa kanisa, jirani mwenye mshahara mdogo. Ni wa mtu yeyote anayemfahamu kijana mmoja aliyekwama na asiyependa kuendelea kumtazama tu. Mashirika yana taratibu zake na watu wake. Wewe una simu, una watu unaofahamiana nao, na pengine una elfu ishirini unayoweza kuitenga kila mwezi. Hiyo inatosha kuanzia, ukijua iende wapi.

Nimeona vijana wengi wakisaidiwa, na wengi kati yao wakakatikia njiani. Hawakukosa akili, na bidii walikuwa nayo. Mwingine alilipiwa ada akakosa nauli. Mwingine alipata nafasi chuoni, cheti chake cha kuzaliwa kikawa na jina lisilofanana na la cheti cha shule. Mwingine alipata kazi, akashindwa kula katika mwezi wa kusubiri mshahara wa kwanza, akaacha. Ndiyo maana hapa nitakaa muda mrefu kwenye vitu vinavyoonekana vidogo: karatasi, tarehe, nauli, makubaliano ya maandishi. Ada inayolipwa peke yake bila hivyo mara nyingi hupotea.

Yaliyomo yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara na bodi zake, na ngazi za kupitia huko ni tofauti.

Hatua ya kwanza: msikilize, kisha piga hodi kwao

Usianze kwa kumuuliza anataka kuwa nani. Kijana aliyekaa mtaani miaka miwili ameshaulizwa hivyo na watu wengi, na ana jibu la kumridhisha mtu mzima. Muulize yanayojibika. Uliishia darasa gani, mwaka gani? Wiki ya mwisho shuleni ilikuwaje? Nani nyumbani anategemea pesa unayoleta? Jana ulifanya nini tangu ulipoamka? Kuna kazi gani ambayo watu hukufuata wewe uwafanyie?

Swali hilo la mwisho huleta mengi. Binti anayesema hajui kitu chochote utakuta ndiye anayesuka nusu ya mtaa kila Jumamosi. Kijana wa kijiweni utakuta wenzake humletea simu zilizokufa. Hapo umeshapata pa kuanzia.

Sababu halisi ya kuacha shule itafute bila haraka, maana ndiyo itakayoamua njia yote. "Nilifeli" ni neno linalofunika mambo mengi. Wapo walioacha kwa sababu mama aliugua na mdogo wao hakuwa na wa kumlea. Wapo waliokuwa wakitembea kilomita nyingi kila siku, au wasichana waliokosa pedi wakawa wanakosa siku kadhaa kila mwezi hadi wakaachwa nyuma na masomo. Wapo ambao hawakuwa wakiona ubaoni na hakuna aliyegundua. Kama tatizo lilikuwa macho, msaada wa kwanza ni miwani, na ada itafuata baadaye.

Baada ya hapo nenda nyumbani kwao. Mzazi au mlezi asikie mpango mbele ya kijana mwenyewe. Kaya inayoishi kwa vibarua inapompeleka kijana kusoma inapoteza mkono mmoja wa kuleta riziki, na jambo hilo lisiposemwa mapema litakuja kusemwa katikati ya muhula, siku unga utakapoisha. Kubalianeni: atafanya kazi gani za nyumbani, saa ngapi, na siku gani haguswi kwa sababu ana masomo.

Kuna mipaka ya kuweka tangu siku hiyo. Kutaneni mahali penye watu. Kama hajafikisha miaka 18, mzazi ajue kila mnapokutana. Usimkopeshe, wala usimfanyishe kazi kwako kama malipo ya wema wako. Usiweke picha yake mtandaoni kuonyesha unavyomsaidia. Usimshurutishe kuhusu dini wala chama. Na ukigundua kwamba mtoto anapigwa, anaingiliwa au anaozwa, jambo hilo limekuzidi: piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi.

Hatua ya pili: karatasi, kabla ya kitu kingine chochote

Laiti ningeruhusiwa kusisitiza hatua moja tu, ingekuwa hii. Nafasi za masomo na kazi hutangazwa kwa wiki chache. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko hapo. Anayeanza kukitafuta baada ya tangazo kutoka huwa amechelewa.

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, na maombi ya walio wengi hupitia ofisi ya mkuu wa wilaya au mfumo wa mtandaoni wa wakala huo. Kijana aliyezaliwa nyumbani asiye na tangazo la kizazi, yaani karatasi ya hospitali ya kuthibitisha kuzaliwa, akusanye kila kinachotaja kuzaliwa kwake: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi, vitambulisho vya wazazi, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Aende na vyote kwa pamoja. Kurudishwa nyumbani kwa karatasi moja kunamaanisha nauli nyingine, na nauli ya pili mara nyingi haipatikani.

Hapo kagua majina, herufi kwa herufi. Shuleni aliandikwa kwa jina la babu, kwenye cheti cha kuzaliwa yupo kwa jina la baba. Au "Mwanaidi" kawa "Mwanahidi" kwa mkono wa mwalimu aliyekuwa na haraka. Tofauti ndogo hurekebishwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu, na kubadili jina kabisa kuna taratibu zake za kisheria. Fanyeni hivyo sasa, kabla jina bovu halijaingia kwenye kitambulisho cha taifa, maana kulitoa huko ni kazi kubwa zaidi.

Akifikisha miaka 18, ajiandikishe NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Kusajiliwa kwa mara ya kwanza ni bure. Fomu hugongwa muhuri na serikali ya mtaa au kijiji anakoishi. Asisubiri kadi yenyewe: namba peke yake inatosha kusajili laini ya simu, kupata TIN (namba ya mlipakodi), kufungua akaunti na kuomba kazi. TIN nayo hutolewa bure na TRA, mamlaka ya mapato. Anayekuomba pesa ili "akusukumie" TIN au namba ya NIDA anajitengenezea riziki kwenye mgongo wa mtoto wa maskini, usimpe.

Kama mzazi mmoja au wote wamefariki, tafuteni na cheti cha kifo. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu hukitumia kupima uhitaji wa mwombaji, na inataka kiwe kimehakikiwa na RITA. Kama kaya iko kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, andikeni namba ya kaya mahali pa kudumu. Itaulizwa kwenye maombi ya mkopo. Kama kijana ana ulemavu, fomu ya uthibitisho wa daktari itafutwe mapema vilevile.

Piga picha kila karatasi, zitume kwenye barua pepe yake mwenyewe, na nenosiri aliandike yeye kwenye daftari linalobaki nyumbani. Vijana wengi hufunguliwa barua pepe na mhudumu wa duka la steshenari, nenosiri hubaki kwake, na miezi mitatu baadaye hakuna anayeweza kuingia kusoma majibu.

Hatua ya tatu: chagua njia kulingana na alipokatikia

Watu wengi huzijua njia mbili tu, kurudi shule au kwenda VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya Serikali. Zipo zaidi.

Mtoto ambaye hakumaliza elimu ya msingi au hakuianza ana MEMKWA, mpango unaofundishwa kwenye baadhi ya shule za msingi. Afisa elimu wa kata ndiye anayejua darasa liko wapi.

Aliyeacha sekondari, akiwemo binti aliyepata ujauzito, anaruhusiwa kurudi. Novemba 2021 Serikali iliondoa zuio la kurudi shule kwa wanafunzi waliojifungua, na waraka wa elimu wa mwaka huo ukafungua mlango kwa wote waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ndani ya muda uliowekwa. Mkuu wa shule anayesema "hapa haturudishi wenye watoto" anakwenda kinyume na waraka. Usigombane naye mlangoni. Nenda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri, umweleze, umwombe barua. Ada haipo: elimu bila ada ilianza na shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikafikia kidato cha tano na sita.

Kuna binti asiyetaka kukaa tena darasani na watoto wadogo, na hilo ni la kuheshimiwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo mikoani vinavyofundisha sekondari kwa njia mbadala, na kupitia mradi wa SEQUIP wasichana wengi waliokatiza masomo wamesoma humo bila kulipa. Uliza kituo cha mkoa wako kama nafasi za kugharimiwa zipo. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchi nzima, vilivyoanza mwaka 1975. Arnautoglu kiko Dar es Salaam katikati ya jiji, Kisarawe, Ifakara, Bigwa na Sengerema ni vingine. Kwenye vyuo hivi mpango wa Elimu Haina Mwisho umewapokea kina mama vijana pamoja na watoto wao: mama anaingia darasani, mtoto analelewa palepale. Kwa binti mwenye mtoto wa mwaka mmoja, sijaona mpango mwingine wa namna hii uliofikiriwa vizuri kuliko huu. Anasoma sekondari na anajifunza ufundi kwa pamoja.

Asiyefika kidato cha nne shuleni na anataka kufanya mtihani kwa kujitegemea hupita kwanza kwenye Mtihani wa Maarifa, maarufu QT. Akifaulu ndipo anajisajili mtihani wa kidato cha nne.

Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne akapata sifuri au daraja la nne dhaifu ana njia ya kurisiti, yaani kurudia mtihani. Nitaieleza peke yake hapa chini, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hutupwa.

Mwenye D nne, zisizohesabu masomo ya dini, anaweza kuanza ngazi ya cheti kwenye vyuo vingi vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Soma sifa za kozi husika kabla ya kulipa chochote, maana kozi za afya na nyingine zinataka masomo maalumu. Na hakikisha jina la chuo lipo kwenye orodha ya baraza lenyewe. Chuo chenye bango kubwa barabarani na kisicho na usajili kitamtoa kijana na karatasi isiyokubaliwa popote.

VETA hutangaza nafasi za kozi ndefu katika nusu ya pili ya mwaka, na masomo huanza Januari. Kozi fupi hufunguliwa mara kwa mara mwaka mzima. Aliyeishia darasa la saba anaweza kuingia kozi nyingi.

Kurisiti bila kupoteza mwaka

Anza na alama. Katika mtihani wa kidato cha nne, D huanzia 30 na C huanzia 45. Kijana aliyepata F ya 22 anahitaji alama nane kufika D. Mwambie hivyo, mwonyeshe kwa kalamu. Wengi huamini F ni ukuta, kumbe ni maswali mawili au matatu.

Kisha amueni anahitaji nini hasa. Kama lengo ni chuo cha cheti na ana D mbili, anatafuta D mbili zaidi, basi afanye masomo matatu au manne anayoyaweza, na nguvu zote ziende huko. Kama lengo ni kidato cha tano, anatafuta C tatu zinazounda tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu. Kijana anayejisajili masomo saba huku anauza mitumba mchana anajipangia kufeli mara ya pili. Akichagua masomo ya sayansi, kituo lazima kiwe na maabara, kwa sababu kuna mtihani wa vitendo.

Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Mtahiniwa huenda kwanza kwenye kituo anachotaka kufanyia mtihani, akapewa namba rejea, ndipo anajaza fomu kwenye mfumo wa NECTA, Baraza la Mitihani, na kulipia. Asimwachie mtu mwingine kumjazia bila kukaa naye. Masomo yakikosewa hapo, ndiyo atakayokutana nayo Novemba.

Kuhusu kusoma kwenyewe, kikwazo kikubwa ninachokiona ni lugha. Kijana alisoma msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, na mtihani, isipokuwa wa Kiswahili na mingine michache, unakuja kwa Kiingereza. Muulize kwa Kiswahili mmomonyoko wa udongo unasababishwa na nini, atakueleza kama mkulima. Mpe kalamu aandike kwa Kiingereza, anaganda. Anahitaji kufundishwa kuandika alichokwisha kukijua. Njia iliyo ndani ya uwezo wako ni hii: chukueni swali moja la mtihani uliopita kila siku. Ajibu kwanza kwa mdomo kwa Kiswahili. Kisha aandike sentensi tano fupi za Kiingereza, kila moja na hoja moja. Awe na daftari la maneno ya amri yanayoanza maswali, ya taja, eleza, tofautisha na jadili, ajue kila moja linadai jibu refu kiasi gani. Mwalimu wa sekondari wa jirani asahihishe mara moja kwa wiki. Mlipe hata kidogo, asije akachoka.

Akipata wenzake wawili au watatu wanaorisiti wasome pamoja. Kati ya wanaosoma peke yao kwa miezi kumi nyumbani kwenye kelele, ni wachache wanaofika mwisho.

Hatua ya nne: bajeti ya kweli

Kaeni chini mwandike kila kitu kitakachohitaji pesa tangu kesho hadi siku ya cheti. Ada ya chuo, au ada ya mtihani. Nauli ya kila siku, mara siku za mwezi. Sare na viatu vya usalama kama ni karakana. Vifaa vyake mwenyewe: fundi cherehani atataka mkasi na futi kamba, fundi umeme atataka koleo, bisibisi na tesita. Chakula cha mchana. Pedi. Mwanga wa usiku kama nyumbani hakuna umeme. Bando. Kutoa nakala. Mtu wa kukaa na mtoto, kama ana mtoto.

Utashangaa kuona ada ya chuo cha Serikali ni sehemu ndogo ya jumla. Nauli na chakula ndivyo vinavyoelemea. Gawanyeni: kijana alete nini kwa kibarua cha Jumamosi, mzazi alete nini, wewe ulete nini, na mjomba aliyeko mjini abebe nini. Mtu hukataa kwa urahisi akiombwa "msaada", ila akiambiwa jukumu lake ni nauli ya mwezi wa tatu tu, mara nyingi anaitoa.

Lipa ada moja kwa moja chuoni kwa namba ya malipo, uchukue risiti. Nauli mpe kijana mwenyewe kila wiki. Fedha ya mwezi mzima ikikaa kwenye nyumba yenye njaa italiwa, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo.

Weka akiba ya dharura nje ya bajeti hiyo, hata kama ni ndogo. Malaria moja, au simu iliyoibwa yenye namba zote, inatosha kumtoa mtu kwenye reli.

Hatua ya tano: akijifunza kwa fundi

Vijana wengi zaidi watajifunza gereji, saluni, kiwandani kwa seremala au jikoni kwa mama lishe kuliko chuoni. Hii ni shule halali ikipangwa. Isipopangwa, kijana anakaa miaka mitatu akitumwa maji na chapati, anaitwa saidia fundi, anaondoka hajui kufungua injini.

Mchague fundi kwa watu aliowatoa. Muulize akuonyeshe wawili waliojifunza kwake ambao sasa wana kazi zao, uende ukaongee nao bila yeye kuwepo. Fundi hodari asiyependa kufundisha hakufai. Tazama pia anavyowasemesha vijana wake mbele ya wateja, na kwa binti, tazama mara mbili.

Kisha andikeni makubaliano, ukurasa mmoja. Yataje majina ya pande zote na mzazi, muda wote wa mafunzo, saa za kuingia na kutoka, siku ya mapumziko, posho ya chakula na nauli, nani ananunua vifaa, nani anagharimia akiumia kazini. Sehemu muhimu kuliko zote ni ratiba ya ujuzi. Kwa gereji, kwa mfano: miezi ya kwanza kutambua zana, kusafisha vipuri na kubadili mafuta, kisha breki na tairi, kisha mfumo wa umeme, kisha injini, akianza kwa kusaidia na kumaliza kwa kuifungua mwenyewe fundi akitazama. Mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kila baada ya miezi mitatu nendeni mkakae na fundi, mpitie ratiba hiyo kipengele kwa kipengele. Fundi mwaminifu hatachukia. Atafurahi kwamba kuna mtu anajali.

Sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na kazi za hatari ni kwa waliofikisha 18. Kuchomelea, kupanda nguzo na kuingia machimboni vihesabu humo.

Ujuzi ukiwa umeshaingia mkononi, tafuteni cheti chake. VETA hupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu anaomba, anapimwa kwa vitendo na kwa maswali, anaonyeshwa mapungufu yake, anayafanyia kazi, anapewa cheti. Serikali imekuwa ikigharamia urasimishaji huu kwa awamu kupitia programu yake ya kukuza ujuzi, pamoja na mafunzo ya uanagenzi vyuoni. Matangazo yake hubandikwa halmashauri na kwenye vyuo vya VETA. Fundi mwashi wa miaka kumi mwenye cheti anaweza kuajiriwa na mkandarasi mkubwa. Asiye nacho ataishia kuwa kibarua wa siku kwa mkandarasi huyohuyo.

Hatua ya sita: kutafuta kazi

Wasifu wa kazi uwe ukurasa mmoja. Kijana asiyewahi kuajiriwa ana mengi ya kuandika kuliko anavyodhani: alisimamia duka la shangazi, alikuwa mweka hazina wa kwaya, alijenga mabanda matatu ya kuku kijijini. Aandike alichokifanya kwa kitenzi na kipimo. Wadhamini wawe watu wanaopokea simu na wanaojua kwamba watapigiwa.

Nafasi za Serikali hupita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Jazeni mapema hata kama hakuna tangazo, ili siku likitoka awe anabonyeza tu. Kwa kazi za viwandani, hotelini na madukani, kwenda mwenyewe asubuhi ukiwa msafi, na barua mkononi, bado kunafanya kazi kuliko barua pepe. Hapo ndipo watu unaofahamiana nao wewe wanahitajika. Mtoto wa maskini hukosa wa kumtaja jina lake mbele ya mwenye kazi. Mtaje. Sema ukweli: anajua hiki, hajui kile, nimemwona akifika kwa wakati mwaka mzima.

Mfanyisheni mazoezi ya usaili, kwa sauti, amesimama. Avae nguo atakayovaa. Ajibu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kama kazi inakihitaji. Afanye hivyo mbele ya mtu asiyemzoea, maana kujibu mbele yako ni rahisi.

Kwa kijana mwenye ulemavu, waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi wanatakiwa na sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 kuwa na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Waajiri wengi hawajui. Itaje kwa upole kwenye barua ya maombi.

Hakuna kazi halali inayoanza kwa mwombaji kulipa. Wakala anayedai pesa ya "fomu", "vipimo" au "kushika nafasi" mwacheni. Kwa kazi za Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambazo mabinti wengi wa pwani na bara huahidiwa, pitia kwa wakala anayetambuliwa na Serikali, soma mkataba kabla ya safari, na nakala ya pasi ibaki nyumbani. Binti anayeambiwa asiwaambie wazazi asisafiri.

Akitaka kujiajiri

Ushauri wangu ni afanye kazi kwa mwenzake kwanza, hata miezi sita, ajue wateja na bei za kununulia. Mtaji unaokuja kabla ya ujuzi huondoka haraka.

Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Mikopo hiyo kwa kawaida huenda kwa vikundi vilivyosajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango wake. Kikundi kiundwe na watu wanaofanya kazi tayari na wanaojuana tabia. Vikundi vingi hufa kwa sababu viliundwa wiki ya kujaza fomu. Waanze kwa kuweka akiba pamoja miezi kadhaa. Atakayeshindwa kuweka elfu mbili kila wiki atajulikana kabla ya deni. SIDO, shirika la Serikali la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, lina ofisi mikoani na hufundisha usindikaji, utengenezaji sabuni na kazi nyingine za viwanda vidogo.

Hatua ya saba: miezi ya kwanza kazini

Wasaidizi wengi husherehekea siku kijana anapopata kazi, wakaacha kupiga simu. Miezi hii ndiyo inayomaliza wengi. Mshahara wa kwanza uko siku thelathini mbele, na nauli inahitajika kesho asubuhi. Tengeni nauli na chakula cha mwezi huo mapema, kama sehemu ya bajeti. Zungumza na familia pia, kwa sababu mshahara wa kwanza unaposikika ndugu wote wana shida. Akubaliane nao kiasi atakachotoa kila mwezi, na kisizidi anachobakiwa nacho cha kula na kufika kazini.

Mpigie simu kila wiki. Muulize nani anakula naye mchana, msimamizi anamwagizaje, kuna kitu gani hakielewi. Kijana aliyelelewa kwa kukaripiwa hunyamaza anapokosea, na kazini kunyamaza huku hutafsiriwa kuwa uongo. Mfundishe kusema mapema: nimeharibu hiki, nifanyeje.

Adai mkataba wa maandishi na abaki na nakala. Saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki, likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na mama mfanyakazi ana siku 84 za likizo ya uzazi. Aangalie kama michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inafika kweli. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Akifukuzwa bila haki, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine kama mshahara usiolipwa ndani ya siku 60. Fomu ni ya kujaza mwenyewe, wakili si lazima, na ofisi za Tume zipo mikoani. Siku hizo huhesabiwa tangu jambo lilipotokea, kwa hiyo akikupigia jioni ya siku aliyofukuzwa, asubuhi yake mwende pamoja.